Programu ya Majaribio na Alama za Mwanahawa

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi ile boksi la diski lilipofikishwa kituoni kwetu Chumbageni. Nakuambia mapema usije ukashangaa: habari hii siwezi kuisimulia kwa utulivu. Wenzangu wa rika langu wakikaa kuwapa vijana nasaha hulainisha sauti, maneno yakawa kama asali. Mimi hapa asali hainitoki. Mvi zimeingia, magoti yameanza kulalamika, lakini nikilitaja jambo hili kifua hupanda moto vilevile. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wakati ule nilikuwa msichana mbichi, mwalimu wa kompyuta katika kituo cha mafunzo kilichopanga chini ya nyumba moja ya zamani ya ghorofa. Kompyuta zetu zilikuwa zile za chogo, nzito, moja inameza meza nzima. Watu wa mjini walikuja kujifunza kuchapa, na shule na ofisi ndogo zilituletea kazi tuwachapie. Mkuu wetu alikuwa Bwana Mussa, mtu mtanashati, mwepesi wa maneno, asiyepitwa na mgeni mwenye cheo.

Zile diski zilitoka Dar es Salaam. Kampuni moja ilikuwa imetengeneza programu za ofisi: ya kuandikia barua, ya majedwali ya hesabu, ya kuonyesha picha mkutanoni, zote kwa pamoja. Zilikuwa hazijaingia sokoni. Walitafuta watu wa kuzijaribu, wakatuchagua sisi. Kazi yetu ilikuwa kuzitumia na kuwaandikia kila kinachokwenda kombo. Usidhani nilinuna, mwanangu. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nilipowasha na kuona maneno ya Kiswahili juu ya kioo, Faili, Hariri, Hifadhi, nilisema na sisi leo tumekumbukwa. Nilitoka nyumbani Makorora alfajiri nikawahi kufungua mlango kuliko mfagiaji.

Ndipo nikaiona kasoro. Nilikuwa nimechapa jedwali la majina ya wanafunzi wangu na alama zao. Mmoja aliumwa, hakufanya zoezi, nikaacha nafasi yake tupu. Nikaiamuru programu iyapange majina kwa alfabeti. Ikayapanga vizuri sana. Lakini pale penye nafasi tupu, alama za chini zilipanda juu kuja kuziba pengo, na majina yakabaki palepale. Kila aliyekuwa chini ya yule mgonjwa akavaa alama za jirani yake. Nilidhani nimekosea mimi. Nikafuta, nikaanza upya. Ikawa ileile. Nikaacha pengo kwingine, ikawa ileile.

Nikaandika kila kitu kwenye ripoti, nikampelekea Bwana Mussa. Alisoma akavuta pumzi.

"Mwanaidi," akaniambia, "hawa watu wakiridhika nasi watatuletea kompyuta mpya. Unataka kuwaharibia sherehe?"

"Wametuomba tuwaambie makosa."

"Wametuomba kwa adabu. Mtu akikukaribisha pilau halafu akakuuliza limeivaje, unamwambia lina mawe?"

Nikamwambia ndiyo, kama lina mawe namwambia, maana wapo watakaokula baada yangu. Akacheka. Baadaye nikaja kujua kwamba maneno yangu aliyatoa kwenye ripoti, akaandika kwamba programu haina hitilafu yoyote. Na hakuishia hapo. Aliamuru programu ya zamani, ile tuliyoizoea, ifutwe katika kompyuta zote, ili wageni wa kampuni wakija wakute mpya tu inafanya kazi. Niliwaonya wenzangu mmoja mmoja: jifunzieni, chezeeni, lakini kazi ya mtu msiiweke humu. Kisha nikafiwa na mjomba wangu, nikaenda Pangani kuzika na kukaa matanga.

Niliporudi nilikuta shule moja ya upande wa Maramba imeleta alama za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, zimechapwa, zimepangwa, zimerudishwa. Nani aliamuru? Bwana Mussa. Kwa programu gani? Ndiyo hiyohiyo, nyingine haikuwapo. Karatasi za walimu zilizoandikwa kwa mkono zilikuwa bado kwenye droo. Nikazitoa, nikafungua jedwali, nikaanza kulinganisha. Binti mmoja aliyelazwa hospitali siku za mtihani, nafasi yake tupu, alikuwa amepewa alama nzuri kabisa. Kuanzia kwake kushuka chini hakuna hata mmoja aliyebaki na alama zake.

Nilimkimbilia Bwana Mussa. Alikuwa anakunywa chai.

"Watagundua wenyewe," akasema. "Na hata wasipogundua, ule ni mtihani wa majaribio tu."

Mwanangu, lile neno "tu" ndilo lililonichoma. Nikamwambia niache nizipeleke Maramba karatasi hizi za alama. Akazichukua mkononi mwangu, akazitia kwenye kabati lake, akafunga, ufunguo akautia mfukoni. Wageni walikuwa waje wiki ile. Hakutaka shule ije kulalamika mbele yao. Sauti yangu ilipanda. Wanafunzi waligeuka kwenye viti. Mwenzangu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akanishika mkono akaninong'oneza, "Hasira hasara, Mwanaidi. Itakutoa kazini. Kaa, unywe maji." Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia, kilio kile cha mtu anayetaka kupiga ngumi na hana pa kuipiga.

Juu, ghorofani, aliishi mwenye nyumba, Bi Thuwaiba, mjane wa ukoo wa Kimanga, aliyesomesha mabinti wa mji ule miaka mingi kabla ya mimi kuzaliwa. Alikuwa anarudi kutoka kwa jirani. Nikafuta machozi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

Nikamweleza. Alisikiliza amesimama, mkono ukutani. Nilipomaliza nikamwambia, kama kuomba radhi, kwamba najua nimepandisha hasira, na wakubwa wamenishauri nitulie.

Akanikemea. Hakunikemea kwa sababu ya hasira ile. Alinikemea kwa sababu niliimwaga pale ngazini. "Hasira hasara ni neno la mtu anayegombea kiti," akasema. "Watoto wa watu wamedhulumiwa mkononi mwako, unakuja kulilia mawe ya nyumba yangu? Watoto wako Maramba. Inuka."

Akaingia ofisini mbele yangu. Bwana Mussa alisimama haraka, shikamoo zikamtoka tatu. Bi Thuwaiba hakuketi.

"Mussa, mpe karatasi."

"Bibi, haya ni mambo ya kitaalamu kidogo—"

"Ulipewa kitu ili ukijaribu, maana yake useme kilivyo. Wewe umekisifu kabla ya kukiangalia, kisha ukawapa watoto wakile. Mpe karatasi."

Sijui kama alimwogopa kwa sababu ya nyumba au kwa sababu ya umri. Mimi sijali. Kabati lilifunguliwa.

Nilifika Maramba adhuhuri. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, mpole, na upole wake ulizidi kunikasirisha. Alipoona karatasi alishika kichwa. Matokeo alikwisha kuyasoma mbele ya wazazi, kwa sauti, jina baada ya jina, kuanzia aliyeongoza hadi wa mwisho. Baadhi ya walimu walishangaa, akaniambia, na mwalimu wa hesabu alisema wazi kwamba haamini. Lakini yeye akawajibu kwamba mashine haina upendeleo. "Nilidhani sisi ndio tuliokosea kusahihisha," akasema.

Nikauliza nani ameumia zaidi. Hakufikiri hata kidogo. Akasema Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa binti hodari kuliko wote darasani, na jedwali letu lilimvisha alama za mtoro aliyefuata chini yake. Baba yake, Mzee Bakari, mkulima, alikuwa ameuza mahindi yake mapema kwa ajili ya shule ya yule binti, na mkutanoni alikaa mstari wa mbele. Alisikia jina la mwanawe likisomwa mwisho kabisa, watu wakamgeukia. Siku ileile akasema shule basi. Binti angepelekwa kwa shangazi yake ng'ambo ya mpaka, akasaidie kazi za nyumbani.

Tukaenda kwake na mwalimu mkuu. Mwanahawa alikuwa uani anapukuchua mahindi, kifurushi cha nguo zake kimeegemezwa mlangoni, tayari. Alitusalimu bila kuinua uso. Baba yake alitukaribisha kwa adabu ya mtu aliyeaibika. Mwalimu mkuu akajaribu kuzungukazunguka na maneno, yakamkwama, nikamwambia mimi: mzee, zile alama hazikuwa za mwanao. Nikamwekea mbele karatasi ya mwalimu, mwandiko wa kalamu, nikamwonyesha mstari.

Aliisoma polepole, kidole juu ya karatasi. Akairudia.

"Lakini walisema imetoka kwenye kompyuta," akasema.

"Imetoka huko, mzee. Ilitoka na makosa, na makosa yalijulikana."

Kuku walikuwa wanadokoa mahindi yaliyoanguka, hakuna aliyewafukuza. Kisha akasema, hakumwambia yeyote kati yetu, "Nimempiga mwanangu kwa alama za mtu mwingine."

Mwanahawa akaweka gunzi chini. "Nilikwambia, baba," akasema. "Nilikwambia hizo si zangu. Nilimwambia na mwalimu. Kila mtu akaniambia mashine haidanganyi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Alikuwa na alama ya fimbo mkononi, juu ya kiwiko. Kumbe wakati mimi napiga kelele Chumbageni nikiambiwa nitulie, na yeye huku alikuwa anasema akiambiwa anyamaze.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Alirudi shule Jumatatu, akafanya mtihani wa mwisho, akafaulu. Leo ni muuguzi, ana watoto wake. Lakini aliniambia alipokuwa mkubwa kwamba yeye na baba yake hawakurudi kuongea kama zamani mpaka mzee alipokaribia kufa. Mzee aliona haya kumtazama. Na yule kijana aliyepewa alama za Mwanahawa, aliyechinjiwa jogoo na mama yake, ilibidi mwalimu asimame tena mbele ya watu na kumvua furaha ile. Nani atamlipa naye?

Wageni wa kampuni walipokuja nilisimama nikawaambia yote, Bwana Mussa akiwa pembeni anatabasamu meno bila macho. Walikuwa vijana wawili. Mmoja alitoa kompyuta yake pale pale, akaacha pengo katika jedwali, akaona kwa macho yake. "Hili ndilo tulilokuwa tunalitafuta," akasema. "Mbona ripoti yenu ilisema hakuna kitu?" Sikupata kujua kama walirekebisha.

Mkataba wangu ulipokwisha haukuandikwa tena. Nikafundisha nyumbani Makorora, sebuleni kwa mama, kwa kompyuta moja kuukuu, na riziki haikukatika. Bwana Mussa alihamishiwa mji mkubwa, akapanda cheo. Ungetaka nikwambie aliadhibiwa. Hakuadhibiwa. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wamesema, lakini mimi nimewaona waongo waliofika mbali wakiwa kwenye viti vya mbele.

Sasa nisikilize. Siku hizi mnaletewa vitu nusu vilivyoiva kila kukicha. Leo toleo la majaribio, kesho jipya la hilo jipya, nanyi mnabonyeza "nakubali" kabla hamjasoma. Juzi tu mpwa wangu ameiweka programu ya namna hiyo kwenye kompyuta ya zahanati anakofanya kazi, nikamuuliza, akaniambia, "Ni ya majaribio tu, shangazi." Nilimkemea, hakula chakula chake kwa raha siku ile.

Jaribu, mwanangu, sikukatazi. Vitu vipya havina budi kujaribiwa na mtu. Ila jaribu kwa vitu vyako, na jina la mtu, dawa ya mtu, alama za mtu, viache mahali palipokwisha kuaminika. Ukiona kasoro iseme kama ilivyo, kwa yule aliyekuuliza, hata kama amekuja na zawadi. Asipoyaandika maneno yako, sema tena. Mtoto akikwambia hii si yangu, acha mashine kwanza umsikilize mtoto. Na ukiona dhulma ukakasirika, usimruhusu mtu akupoze kabla hasira yako haijafika kazini. Usiinue mkono, usitukane. Shika karatasi uende Maramba.

Mola akupe jicho la kuona kosa lingali dogo na ulimi usiokauka mbele ya wakubwa. Akuepushe na kupanda juu ya migongo ya watoto wa watu. Na siku utakaposema kweli ukaachwa peke yako, akuteremshie wa kusimama nawe, na asipomteremsha, akupe miguu ya kusimama mwenyewe. Amin.