E. Sebuhoro Wako Wawili

Nilikuwa nimeshika mikrofoni na mikono mbili, machozi inashuka mpaka kwenye kitenge cha kuazima, nasema mbele ya madocteur wote, "Ni yeye, ni kaka yangu Evariste, muangalie macho, ile ni macho ya mama yetu!" na hapo ndipo marehemu akainuka kwenye viti vya mbele, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa upole, "Pole sana mama, lakini mi niko muzima."

Haya, aibu nimeisema yote, mwenye kucheka acheke sasa amalize, maana tangu siku ile mi situlii, nikilala nageuka, nikipika naunguza.

Aliyenifikisha pale ni Placide, na namutaja jina kwa sababu yeye anapenda majina. Placide anatengeneza kitabu cha maisha ya watu wa sayansi wa upande wetu, nani alizaliwa wapi, alisoma nini, aliandika nini, na mutu mumoja akamwambia kwamba kule Rugerero iko mama ambaye kaka yake alikuwa anaenda na mutumbwi katikati ya ziwa kupima gazi, ile hewa ya kuwaka iliyo chini ya maji. Ndiye mimi. Evariste alisoma kwa ajili ya nyumba nzima (mi niliishia darasa la nne, nikashika jembe), na mwaka ule wa mauaji ya kimbari, wauaji walipokuja kwetu waliua wote, baba, mama, Evariste, wakachoma na nyumba. Nilibaki mimi. Picha haikubaki hata moja.

Donc Placide akaja na simu yake, mi nikasema, yeye akarekodi, halafu siku moja akanipigia: "Mama, furaha! Tumemupata kwenye maktaba za Ulaya, ameandika makala mingi sana, na picha yake iko!" Picha yake. Nilikaa chini juu ya mifuko ya vitunguu ninayouza, palepale mpakani, Grande Barrière, watu wananiruka. Nikamuomba anitumie. "Hapana mama, utaiona siku ya sherehe ya kitabu, ukutani, kubwa, halafu utatuambia maneno mbili."

Sasa kosa langu lilikuwa dogo tu: miwani. Miwani yangu mguu mumoja nimeufunga na uzi, nikasema mi siingii kwenye hoteli ya kando ya ziwa na uzi kwenye sikio, wataniona maskini, nikaiacha nyumbani juu ya kabati. Basi picha ilipowaka niliona paji la uso, masharubu, ukungu, na yaliyobaki moyo wangu ukamalizia wenyewe. (Watu wananiambia, ni miwani tu, mama. Bon, iwe miwani. Lakini sijui kama hata na miwani ningemutambua, na hiyo ndiyo inaninyima usingizi, siyo kicheko chao.)

Mutu wa picha ni Emmanuel Sebuhoro, docteur wa magonjwa ya viazi, aliyealikwa pamoja na madocteur wengine bila mutu kuangalia majina. Placide alikuwa ameandika kwenye kompyuta jina la kaka yangu kwa kifupi, "E. Sebuhoro", kompyuta ikamuletea kila E. Sebuhoro, naye akafunga yote pamoja kama kuni: gazi ya mumoja na viazi ya mwingine, kifo cha mumoja na picha ya mwingine. Hata hakujiuliza namna gani marehemu aliendelea kuandika juu ya viazi miaka yote ile!

Ukumbi ulicheka, ayii, walicheka. Docteur Emmanuel peke yake hakucheka, alinishika mukono, akasema wote wanasikia, "Mama, zile za ziwa siyo zangu, mi hata kuogelea sijui." Placide akaninyang'anya mikrofoni kama vile nimeshika kisu: "Ni tatizo kidogo ya mashine, tuendelee na soda!"

Kesho yake kwenye barrière wenzangu walikuwa wananingoja. "Mama Mufufuaji! Bwana yangu naye amekufa na pombe, uje na mikrofoni yako!" Nikacheka nao, nifanye nini.

Kilichoniuma kilikuja baadaye. Kitabu kikasahihishwa, Emmanuel akabaki na viazi yake na picha yake, ni haki yake, lakini Evariste akatolewa kabisa, yeye na ziwa lake. Nikamufuata Placide mpaka ofisini.

"Kwa nini umemutoa?"

"Mama, hatuna source juu yake."

"Na mimi?"

"We siyo source, mama. Source ni kitu kimeandikwa."

"Si gazi aliiandika?"

"Kwenye makala iko E. tu. Nitajuaje ni Evariste?"

(Source mi naijua, ni ile chemchemi ya maji chini ya shamba langu, inatoka yenyewe, hakuna mutu anaiomba karatasi. Na siku ya kunipa mikrofoni nilikuwa source ya kutosha!)

Sitatoka tena bila miwani, hata mguu niufunge na kamba ya mbuzi, hiyo nimeapa. Lakini we Placide, sikia. Waliomuua Evariste walisimamishwa mbele yetu kwenye mahakama ya kijiji, tumekaa kwenye majani, wakajibu. Wewe uliyemutoa kitabuni, unajibia wapi? Docteur Emmanuel amesema za ziwa siyo zake. Ni za nani? Rudi kwenye ukumbi ule, ita watu walewale, shika mikrofoni, useme. Mi nitakaa mbele kabisa, na uzi wangu kwenye sikio.