Niliyemfuta Kwenye Mlango wa Gari

Kazi yangu ni kupiga picha za magari ya kuuza. Watu wakisikia hivyo hunicheka, huniuliza gari nalo huwa linaambiwa litabasamu. Nami hupandisha mabega, kwa sababu najua wasichokijua. Gari ni gumu kupiga picha kuliko bibi harusi. Bodi lake ni kioo kitupu, hasa likiwa jeusi: nguzo ya umeme imo, mbuzi anayepita yumo, na wewe mwenyewe uliyechutama na kamera yako umo. Mwenye yadi hataki kuona hata kimoja kati ya hivyo. Anataka gari lionekane kama limeshuka melini jana na halijawahi kusogelewa na mtu.

Wakati ule nilikuwa mgeni kwenye kazi. Nilizunguka yadi za Nkuhungu wiki nzima nikionyesha picha zangu kwenye simu, na wengi waliniuliza kaka yangu anayezipiga yuko wapi. Mmoja tu ndiye aliyenipa gari la kujaribia, jeusi, kubwa. Akasema likipendeza litakaa kwenye kalenda ya yadi yake, na magari yote ya mwaka unaofuata nitapiga mimi. Nikamwomba dereva wake alilete kijijini Zuzu, nje ya mji, asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamsha vumbi. Nilimweleza kwamba huko kuna uwanja usio na nyaya wala majengo. Kwamba ndiko anakoishi mama yangu sikumwambia.

Jua la asubuhi humulika ubavu mmoja wa gari, ule mwingine ukabaki giza. Dawa yake ni mtu ashike shuka jeupe, arudishe mwanga upande wa pili. Rafiki aliyeniahidi kulishika hakutokea na simu hakupokea. Nikakimbia nyumbani kumwita mama. Aliepua uji wake, akaja vilevile alivyokuwa, na khanga iliyopauka na kandambili zilizoshonwa kwa uzi.

Alisimama karibu saa nzima, mikono juu. Nilimwamuru kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake: inua, shusha, usitikisike. Naye alitii kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulipomaliza nilimwonyesha picha kwenye kamera, kwa kuwa nilikuwa na furaha. Akainamia kile kioo kidogo, akajiona kwenye mlango wa gari, mzima, na shuka lake mikononi.

"Kumbe nimo," akasema.

"Umo, mama," nikamjibu, huku nikikunja vitu vyangu.

Siku ya pili nilikaa kwenye kompyuta nikamfuta. Nasema hivyo sasa. Siku ile nilisema nasafisha mlango. Nilichukua rangi nyeusi ya sehemu safi nikaibandika juu yake, kipande kwa kipande. Khanga ilitoka upesi. Uso nao ulitoka. Vidole ndivyo vilivyonisumbua, maana viliangukia sawasawa kwenye kitasa, na kitasa kina mng'ao wake ambao sikutaka kuuharibu. Nilivikuza vikajaa skrini nzima. Niliziona kucha zake zilizovunjika kwa jembe, nikaendelea. Nilipomaliza nilijipongeza kwa jinsi kitasa kilivyokaa. Mwenye yadi aliitazama ile picha muda mrefu, akasema gari limetulia. Kichwa kikanivimba.

Desemba kalenda zikatoka. Nikampelekea mama moja, imeviringishwa vizuri, nikijiona binti wa maana. Nilikuta kina mama wenzake wa kanisani wamejaa sebuleni, zamu ya kukutana ilikuwa kwake. Nikawaamkia wote, nikaingia jikoni kuwasaidia chai. Kumbe tangu siku ile alikuwa amewatangazia kwamba binti yake amempiga picha na gari, na mwaka mpya wataiona. Miezi yote hiyo walikuwa wakimtania kwamba ataanza kuwapita barabarani bila salamu.

Niliporudi na birika, kalenda ilikuwa inatembea kutoka mkono hadi mkono. Mmoja alivaa miwani. Mwingine aliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Wakamuuliza yuko wapi. Mama akaipokea, akapitisha kidole taratibu kwenye mlango wa gari, akakirudisha, akakipitisha tena. Kisha akaniangalia.

"Hebu waonyeshe, mwanangu."

Ningeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache tu: nilimtoa mimi. Lakini wanawake kumi walikuwa wananitazama, wale wale walioshukuru kanisani nilipomaliza chuo, nami nilitaka waendelee kuniona mtoto mzuri.

"Labda ilikuwa picha nyingine, mama," nikasema. "Kwenye hii hukuwemo."

Aliujua ukweli, na aliona kwamba naujua.

"Basi ni macho yangu," akawaambia. "Siku hizi yananidanganya."

Wakamcheka kwa upole. Mmoja akamshauri aende kupimwa, yasije yakafika pabaya. Yeye akaitikia na kumshukuru kwa ushauri. Uso uliniwaka mpaka masikio, nikaendelea kumimina chai.

Walipoondoka tuliosha vyombo pamoja. Hapo ndipo nilipomwambia, nikiwa nimeinamia beseni: nilimfuta, ndiyo kazi ilivyo, wenye magari hawataki mtu aonekane kwenye bodi. Hakukasirika. Aliniuliza kama ile aliyomo bado ipo. Nikamwambia haipo, niliifuta nipate nafasi ya magari mengine. Akasuuza vikombe viwili vitatu.

"Ningevaa vizuri," akasema, "ungeniacha?"

Nikamjibu haraka kwamba hapana, hata angevaa gauni la harusi ningemtoa tu. Nilidhani namfariji. Mama akaitikia, "Haya," akanyoosha mkono nimpe kikombe kilichobaki.