Pembe ya Kigoda

Jamani, hili nawasimulia nikiangalia ukutani, maana hata leo nikimwona mzee amekaa kwenye kigoda mashavu yananiwaka moto.

Ilikuwa miaka ya sabini, niko chuo cha ualimu Iringa, na mimi na mwenzangu wa chumbani, Mgaya, tulikuwa na mchezo wetu tuliouchora kwenye boksi la sabuni: unarusha kokoto, unavuka nchi ya mazimwi, na kila mchezaji anabuni hirizi zake, ila sharti hirizi ifanye kazi moja ndogo tu, ikifanya mbili imekataliwa. Mimi sikuridhika kubuni kwa mdomo, nikawa nazitengeneza kabisa, kwa pembe za mbuzi na nyuzi nyekundu (ujinga nao una fundi wake). Nilikuwa na kifungo cha kumnyamazisha jogoo wa jirani, wako hapana, na pembe ya kumzuia zimwi asisimame, mradi awe amekaa kwenye kigoda. Kwenye kiti haifanyi kitu.

Sasa Mgaya nilikuwa simwamini. Kila nikibuni kitu, keshokutwa naye ana chake kinachofanana, kwa hiyo nilipopanda basi kwenda Mbeya kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Tusekile, nikaona nisimwachie, nikazitia hirizi mfukoni mwa koti.

Kwao Tusekile, mtaa wa Ilomba, nilifika nimelowa mvua chapachapa. Shangazi yake Tusekile akanipokea koti alianike karibu na moto, akalikung'uta, na ile pembe ikaanguka ikabingirika hadi miguuni pa baba yake, Mzee Mwaipopo.

"Mwalimu," mzee akauliza taratibu, "hiki nini?"

"Mchezo tu, baba."

"Huo mchezo unafanya nini?"

Hapo ningesema haufanyi kitu, yakaisha, lakini (fundi akiulizwa kazi yake akili humruka) nikaeleza yote, zimwi, kusimama, kiti hapana, kigoda ndiyo, huku naona macho ya watu yanashuka chini, nikayafuata, kumbe mzee kakaa kwenye kigoda.

Akajaribu kusimama. Goti lake bovu, baridi ile, na tangu asubuhi amekaa akinisubiri: likagoma, akarudi chini pu.

"Yesu wangu," shangazi akasema. "Mwalimu, fungua ulichofunga."

"Sijafunga kitu, shangazi, ni goti tu."

"Goti umelijuaje?"

(Tusekile ndiye aliyenidokeza, lakini ningemtaja vipi pale?) Nikapiga magoti, majirani wameshajaa mlangoni, nikakata uzi mwekundu kwa meno. Mzee, ambaye muda wote alikuwa akilisugua goti, akasimama wima bila kushika ukuta. Nikadhani nimeokoka, kumbe ndiyo nimejimaliza, ushahidi gani tena walitaka?

"Mtoto wangu nilisema nitampa mwalimu," mzee akasema. "Mganga sikumwita."

Koti nikarudishiwa bichi vilevile. Tusekile alinisindikiza hadi barabarani, akitembea mbali nami, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akasimama, akautazama mfuko wangu, si uso.

"Na mimi," akauliza, "ulinifungia kipi?"

Nikaapa hakuna, nikageuza mifuko nje ili aone mwenyewe, na kile kifungo cha jogoo kikadondoka topeni katikati yetu. Hakuuliza kinafanya nini. Aligeuka akaenda zake.

Sijabuni tena hirizi, hata ya mdomo. Niliogopa Mgaya ataniibia pembe, na laiti ningemwachia aibe, leo ningekuwa na Tusekile.