Kisanduku Ambacho Kavata Hakuchora

Kama pampu ya kijiji chenu ilikufa asubuhi na jioni mkateka maji, wacha kusifu kampuni. Sifu Kavata.

Kavata hukaa dirisha la malalamiko kwenye ofisi moja ya maji hapo Kitui mjini. Kitabu cha kazi kilisema hivi: akipata habari ya pampu mbovu, anapeleka kwa injinia, injinia anaenda kukagua, anaweka sahihi, stoo inatoa spea, ndipo fundi anatumwa. Ukifuata hiyo, mbuzi wanakwisha. Kwa hivyo Kavata alikuwa anachukua simu yake mwenyewe anampigia Nzau, fundi. Nzau anapita nyuma ya stoo, anang'oa raba kwenye pampu za zamani zilizotupwa huko, anawasha pikipiki ya ofisi, huyo ameenda. Makaratasi yalifuata baadaye. Injinia alijua. Mdosi wa ofisi, Bwana Musyimi, alijua pia, lakini alikuwa amejizoesha kutojua.

Halafu ikaamuliwa ati kazi iboreshwe.

Wafanyakazi wote wakapelekwa kwenye ukumbi wa hoteli. Wakaomba, wakaimba pambio, wakakunywa chai na nduma. Aliyeletwa kuwafunza alikuwa Mwongeli, msichana wa Kasikeu aliyeenda Nairobi akasomea kuchora kazi za maofisi: kila hatua kisanduku, kila kisanduku na mshale wake. Alibandika karatasi ukuta mzima. Na tusimwonee, swali lake lilikuwa zuri.

"Sitaki yale ya kitabu," alisema. "Nataka vile mnafanya kweli kweli. Hata kama ni vichekesho."

Bwana Musyimi alikuwa mstari wa mbele, amenyoosha miguu, anatabasamu. Nani atasema ukweli mbele ya meno kama yale?

Saa ya chai Nzau alimvuta Kavata kando ya birika.

"Wewe, ukinichora pale ukutani mimi nimeisha."

"Si ametuambia tuseme?"

"Yeye jioni anarudi Nairobi. Mimi nabaki na Musyimi. Kutoa spea bila sahihi inaitwa wizi, Kavata. Hiyo haipewi kisanduku, inapewa barua."

"Asi! Nani atakufuta?"

"Basi anza na wewe. Chora hiyo simu yako."

Kavata akaweka kikombe chini.

Waliporudi ndani, Mwongeli alimpa kalamu. "Dada Kavata, malalamiko yakifika kwako, fundi anajuaje?"

Nzau alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Anaambiwa na injinia."

"Hakuna njia ya mkato?"

"Hakuna."

Mwongeli alimtazama kidogo, kama mtu ameonja mchuzi akakosa chumvi, kisha akamwonyesha pa kuchora mshale. Kavata akauchora, umenyooka kabisa. Watu wakapiga makofi. Akarudi kwa kiti chake akijiona ameokoa mtu.

Hakuokoa mtu. Mchoro ule ule ndio ulitengenezewa sistimu ya kompyuta. Siku hizi malalamiko hayatoki kisanduku kimoja mpaka mwenye kisanduku abonyeze. Pampu za zamani ziliuzwa kama vyuma chakavu, ati uwanja uwe safi. Pikipiki ilifungwa kidude cha kuichunga. Ikienda mahali sistimu haijaituma, simu ya Musyimi inalia. Injinia naye akahamishwa, na wa kumrithi hajaletwa hadi leo. Kisanduku chake kipo. Mtu ndiye hayuko.

Ndipo pampu ya kina Kavata, ndani ndani huko Mutomo, ikafa. Ilikuwa kiangazi, wakati hata ukichimba mchanga wa mto unapata matope tu, na mto wenyewe uko mbali. Mama yake, Mbithe, ana magoti mabaya na alikuwa na ng'ombe wawili.

"Mwaitu, nimeiingiza kwa sistimu," Kavata alimwambia mama yake kwa simu. "Iko kwa injinia."

"Anakuja lini?"

"Hayuko."

"Sasa iko kwa nani?"

Kavata akakata simu. Akampigia Nzau.

"Pikipiki itanichongea," Nzau akasema. "Na hata nikienda na miguu, raba nitatoa wapi? Kwa kiatu?"

Kavata akaenda kwa Musyimi. Musyimi alimwonyesha ukutani, ambako mchoro ulikuwa umetiwa fremu.

"Madam, kazi hii ni yenu. Mimi hata kalamu sikushika. Kama kulikuwa na njia ingine, si mngesema?"

Na akatabasamu vile vile. Alijua, huyu mtu. Siku zote alijua, na sasa alikuwa amepata ukuta wa kujificha nyuma yake.

Mwisho Kavata akamtafuta Mwongeli kwa simu.

"Nilikuuliza, dada. Nikarudia."

"Nilikuwa naficha mtu."

"Mimi nilikuwa nimeacha nafasi ya dharura, pale katikati yako na fundi. Nilikuwa nangoja mtu aijaze." Mwongeli akavuta pumzi. "Kazi yetu huko iliisha. Sasa hata nikitaka, siwezi kugusa."

Ng'ombe mmoja alilala njiani akienda mtoni, hakuamka. Wa pili Mbithe alimwachia jirani aliyekuwa anahama na mifugo yake.

Juzi asubuhi mama akapiga. Foleni kwa dirisha la Kavata ilikuwa imefika mlangoni.

"Mwiitu wakwa, mwanangu, nimetumiwa meseji. Ati pampu imetengenezwa."

Kavata akaangalia kwa kompyuta. Kweli. Malalamiko yakikaa sana bila kuguswa, sistimu inayafunga yenyewe na kuyahesabu kama kazi iliyomalizika. Ndiyo maana ripoti za mwaka huu zinapendeza. Kuyafungua tena ni kazi ya injinia.

"Nimechukua mtungi nikaenda," mama akaendelea. "Nimepiga hiyo pampu mpaka mkono ukafa ganzi. Inalia tu kama punda. Na wanataka niwape nyota, moja mpaka tano. Niwape ngapi?"

"Wape tano, mwaitu."

"Tano! Na maji sijaona?"

"Ukiwapa moja, mtu wa ofisi lazima akupigie akuulize kwa nini hujaridhika."

"Wacha apige! Nitamwambia mpaka asikie!"

"Ni mimi," Kavata akasema. "Anayepiga ni mimi."

Huko Mutomo mbuzi wa mtu akasikika kwa mbali.

"Haya," mama akasema. "Hiyo nyota ya tano inabonyezwa wapi?"