Shina la Mgomba Nililokataa Kubeba

Miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia, mimi na rafiki yangu tuliajiriwa mjini Kitale kuwabebea mizigo Wazungu wawili waliotaka kufika kilele cha Mlima Elgon. Tulikuwa tumetahiriwa asubuhi moja huko Bungoma, na kwetu waliotahiriwa pamoja hawanyimani kitu hadi kufa. Mimi nilikuwa nimesoma misheni, yeye hakusoma. Mapangoni tulilala chini ya blanketi moja.

Siku ya tatu nyayo zangu zilipasuka kwa baridi. Sanduku langu lilikuwa la vyakula vya makopo, zito kuliko yote. Yeye alibeba furushi la nguo. Aliniona nikichechemea, akacheka.

“Mwalimu, lete hilo sanduku,” akasema. “Wewe beba nguo. Shingo ya kalamu haiwezi makopo.”

Nilimpa bila kubisha. Karibu na kilele, mahali ambapo mwamba ulikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana, sanduku lilimvuta upande. Hakupiga ukelele. Tulisikia makopo yakigonga mawe kwa muda mrefu, kisha hatukusikia kitu. Wazungu walichungulia bondeni, wakazitazama kamba zao, wakasema hazifiki. Siku hiyo hiyo tukateremka. Nakumbuka kwamba jioni nilikula chakula changu chote, wala sikuhisi maumivu ya nyayo.

Nyumbani kwa rafiki yangu wazee walikata shina la mgomba. Maiti isipopatikana, shina huzikwa badala yake, ili marehemu asihesabiwe kuwa yungali safarini. Aliyetahiriwa naye ndiye hulibeba kutoka mlangoni hadi kaburini. Wakanigeukia. Niliwajibu, kwa ufasaha niliofunzwa, kwamba kuzika mmea na kuuita mtu ni uongo, na Mkristo hashiriki uongo.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni. Hakuinua sauti.

“Mwanangu, Wazungu uliwabebea masanduku mpaka huko juu. Hili nalo limekushinda?”

Sikumwambia kwamba sanduku lililomwangusha mwanawe lilikuwa langu. Nilisimama pale nikiutetea ukweli mbele ya watu waliofiwa, na ule mmoja ambao ni mimi tu niliyepaswa kuusema nikaumeza. Kisha mama akainuka, akaniomba lile blanketi letu la mapangoni, akalifunga shina nalo, akalitia begani mwake mwenyewe.

Mpaka leo naamini kwamba mgomba si mtu. Nimewafundisha hivyo wanafunzi wengi, na sijasikia hoja ya kunigeuza.

Siku ile nilimfuata mama yake hadi kaburini, mikono mitupu. Kiangazi kilikuwa kimekausha udongo. Shina lilikuwa limekatwa muda si mrefu, likawa linachuruzika maji, blanketi likalowa, na gauni lake likalowa kuanzia begani hadi kiunoni. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Niliyaona yote hayo vizuri, na sikunyosha mkono.