Mapazia Kwenye Kiti cha Nyuma

Mjane wa kaka yangu hushona mapazia. Siku moja aliniita kibandani kwake akaniambia, "Shemeji, gari nalitoa."

"Unaliuza?"

"Nimesema nalitoa. Nakipa kituo cha wauguzi."

Mimi ni dalali wa magari. Nilianza kwa kuosha vioo. Leo nakula kwa kujua gari lipi lina bei na lipi lina maneno matupu. Lake lilikuwa haibridi, la petroli na umeme kwa pamoja, umri miaka kumi na minne. Nje linang'aa. Nilipoliwasha, taa nyekundu ikatokea mbele ya usukani ikagoma kuzima. Betri kubwa ilikuwa inakata roho, na gari la aina hiyo likikosa betri, hubaki bati na viti.

Kituo chenyewe kinaishi kwa michango. Wauguzi wake watatu huzunguka nyumba kwa nyumba kufunga vidonda vya watu wasioweza kuamka kitandani. Kaka walimhudumia miezi saba, wakija kwa miguu, mabegi mgongoni. Sisi wa bondeni tulifikiwa mara mbili kwa wiki. Wagonjwa wa mlimani mara moja, kwa sababu miguu ina mwisho. Hilo ndilo lililomkaa shemeji rohoni.

"Sikiliza," nikamwambia. "Nina kimashine cha kufuta ile taa. Itakaa wiki nzima haijarudi. Ikirudi, gari si lako tena."

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Kwa hiyo nimtwishe mtu mzigo, kisha niuite sadaka."

"Watu wanafanya hivyo kila siku."

"Na wewe unawajua wote. Si wateja wako?"

Kesho yake akaenda kwa Sista, mkuu wa kituo, akamweleza yote. Nilimpeleka mimi, nikitafuna ulimi wangu njia nzima. Sista hakuzunguka mbuyu. "Mama, nashukuru. Lakini mwaka juzi tulipewa gari bovu, likala hela ya bandeji mpaka tukalisukuma nje. Lako likipona, mwambie dereva wetu alipandishe mlima na watu wanne ndani. Likishindwa, sitalipokea hata kwa heshima ya marehemu."

Tukalipeleka kwa fundi umeme tunayemwita Taratibu, kwa kuwa hana subira hata ya kunywa chai. Aling'oa kiti cha nyuma. Ubavuni mwa kiti hicho mna tundu lenye wavu, ndipo feni inapovuta hewa ya kupoza betri. Taratibu akaingiza koleo, akavuta. Zikatoka nyuzi za bluu. Akavuta tena, zikatoka za dhahabu, kisha donge la pamba kubwa kama ngumi.

"Humu mlikuwa mnafuga kondoo?"

Shemeji akaokota nyuzi za dhahabu, akazitambua. Miaka tisa alirundika mapazia kwenye kiti kile mpaka yaguse paa, tena akijisifu kwamba hapotezi nafasi. Betri ilikuwa inapumulia ndani ya blanketi.

"Basi nimeiua mwenyewe," akasema.

"Haijafa yote." Taratibu alikuwa anapima seli moja moja. "Ziko ishirini na nane, saba ndizo zimekwisha. Leteni saba nzima, hata za gari lililogongwa."

Hapo nikaona kazi yangu imefika. Muuza vipuri vikuukuu alikuwa nazo, akanitajia bei ya kufukuza mtu. Nikamwambia seli zikikaa rafuni huzeeka bure. Akaniambia basi nikatafute kwingine. Tukaendelea hivyo, kila mmoja akijifanya ana safari, mpaka shemeji alipotazama dirisha la ofisi.

"Hilo pazia nani kakushonea?"

"Ni shuka. Nimelitundika mwenyewe."

"Inaonekana."

Akatoa utepe wake, akaanza kupima madirisha bila kuulizwa. Tulitoka na seli saba. Mwenye duka akabaki na ahadi ya mapazia ya ofisi na ya sebuleni kwake. Miaka ishirini ya udalali, sijawahi kumaliza biashara upesi namna ile.

Siku ya tatu, Taratibu akiwa ameshafunga seli zote, dereva wa kituo alikuja kibandani kwa shemeji na wauguzi wote watatu. Akaketi, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mama, haliwaki."

"Lilikuwa limewaka. Sasa ndiyo umelizima."

"Gari lisilonguruma nitajuaje liko hai?"

"Mkeo akinyamaza unajuaje yupo?"

Wauguzi wakaangua kicheko. Dereva akabonyeza mara ya tatu, akaachia breki, na gari likateleza kuelekea mlimani kimya kimya. Shemeji alirudi kwenye cherehani. Nilimwona akishona pindo moja, akalifumua, akalishona tena.

Walirudi baada ya nusu saa. Dereva aliinama dirishani. "Taa haijatokea. Tumefika mpaka kwa yule mzee wa juu kabisa. Akashangaa, leo si siku yake."

Sista alipoleta hati za kuhamisha umiliki, aliuliza kama jina la marehemu liandikwe mlangoni. Shemeji akasema, "Andikeni namba ya simu. Mgonjwa atapiga hiyo."

Mimi ningeliuza vipandevipande, na bado sijabadili mawazo. Gari lilipoondoka aliniuliza kama namjua mtu mwenye kigari kidogo cha kubebea vitambaa. Nikamwambia ninacho mwenyewe.

"Taja bei," akasema, na kabla sijafungua mdomo akaongeza, "Ghali hiyo, shemeji. Punguza."