Ng'ombe wa Mama Walivuka Mpaka

Mama yangu hajui kudanganya, na hilo ndilo lililotuponza. Watu wa vitambulisho vya taifa walipofika kijijini kwetu Bunda, waliweka meza yao kwenye ofisi ya kijiji, na kila mzee aliulizwa alizaliwa wapi. Wapo ambao sote tunajua walizaliwa ng'ambo ya mpaka kama yeye, wakaletwa huku wamebebwa mgongoni. Walisema Bunda, wakapigwa picha, wakaenda zao. Jirani yetu mmoja alimnong'oneza kabisa akiwa kwenye foleni: "Wewe sema Bunda, yaishe." Zamu ya mama ilipofika alinyoosha mkono kuelekea kaskazini, akasema, "Mimi nilizaliwaga kule Kenya, ila nimeolewa hapa." Nasikia alisema kwa fahari.

Vitambulisho vya wenzake vilikuja. Cha kwake hakikuja.

Mimi nimeolewa Butiama, kwa hiyo habari ilinifikia kwa simu, na niliposikia nilikasirika mpaka nikaunguza mboga. Nilimuuliza nani alimtuma. Akanijibu, "Waliniuliza nilizaliwa wapi. Wangeniuliza ninakaa wapi, ningewaambia ninakaa hapa." Huwezi kubishana na mama yangu. Unabaki na simu mkononi na hasira zako.

Nilimpeleka Musoma, uhamiaji. Nisiwasingizie, walitupokea vizuri, wakampa kiti, wakamwamkia. Walitaka kujua aliingia nchini lini na kwa njia gani. Mama aliingia akiwa bado msichana, pamoja na mama yake mdogo aliyekuwa akianika dagaa kwenye kambi za kisiwani Rukuba. Walikuja kwa mtumbwi na hakuna aliyewagongea muhuri wowote. Huko Rukuba ndiko baba alikomwona. Baba naye alikuwa kijana aliyekimbia kupalilia pamba ya baba yake hapa Bunda akaenda kujaribu uvuvi. Uvuvi ulimshinda, mke akampata. Ng'ombe wakatoka Bunda, wakaswagwa mpaka kwao mama, wakavuka mpaka wa Sirari kwa miguu yao, na ndoa ikawa ndoa.

"Cheti cha ndoa mnacho?" ofisa aliuliza.

"Cheti cha nini? Ng'ombe zilienda," mama akasema.

Ofisa akaandika, akafunga jalada, akasema suala hili lina utata na litashughulikiwa, tusubiri. Tukasubiri. Baba alifariki tukiwa bado tunasubiri. Tulimzika nyuma ya nyumba, na mama akataka upande wa kushoto wa kaburi paachwe, pasilimwe. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tangu siku hiyo hakuna aliyepanda hata shina la muhogo pale.

Kisha mwaka juzi kaka wa mama akafa.

Huyo hakuwa kaka hivi hivi tu. Huku kwetu ng'ombe wanaotolewa kwa binti hawaliwi wakaisha. Wanakaa zizini wakimsubiri kaka yake, naye huoa nao. Mke wa mjomba alitolewa ng'ombe wa mama. Lile boma lote la ng'ambo, na watoto na wajukuu waliojaa mle, lilisimama kwa ng'ombe wa mama yangu, na yeye alilijua hilo vizuri na alilitaja kila alipopata nafasi. Dada wa namna hiyo asipofika kumzika kaka yake, watu watasema maneno mpaka wachoke.

Nilimwambia wazi asiende. Nilipanda gari siku hiyo hiyo kutoka Butiama, nikamkuta anakunja kanga zake. Nikamwambia, "Ukitoka bila kitambulisho utarudi na nini? Wakikukatalia kule utafia kule, wakuzike kule. Na baba je? Abaki peke yake pale nyuma ya nyumba?"

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Yeye aliendelea kukunja.

"Nitarudi," akasema. "Mimi nina kwangu."

Mtoto wa mjomba alipiga simu akasema tusihangaike, kuna vijana wa bodaboda wanavusha watu kwa njia za panya, hakuna wa kukuuliza kitu. Kusema kweli mimi nilikubali moyoni palepale. Mama alininyang'anya simu. "Mimi si sukari ya magendo," akamwambia mpwa wake. "Nitapita mlangoni, mchana, watu wakiniona."

Kwa hiyo tulipita mlangoni. Mimi nilikuwa na kitambulisho changu, yeye alikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji iliyosema kwamba anamfahamu na kwamba amefiwa. Sirari dirishani alikuwepo binti mdogo, ofisa wa uhamiaji, mpole. Alisoma ile barua mara mbili.

"Shikamoo bibi. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, kwenda kuzika siwezi kukuzuia. Kurudi ndiyo kazi. Ukirudi njoo na kitu kinachokutambulisha." Akanigeukia mimi. "Dada, umenisikia?"

"Nimesikia, afande," nikasema. Nilisikia sana.

Huko msibani niliona mama nisiyemjua. Kwetu Bunda yeye ni bikizee mmoja mwenye mdomo, anayelima pamba yake na kugombana na mbuzi za jirani. Kule, alipokanyaga tu uani, vilio vilipanda upya na watu wakampisha njia. Mjane wa mjomba alitoka ndani akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu. "Umekuja," akasema kwa Kiswahili ili na mimi nielewe. "Wewe ndiye uliyenioa, leo umekuja kunishika mkono." Mama, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu simu ilipopigwa, alilia hapo kwa sauti mpaka akakalishwa chini.

Tulikaa mpaka matanga yakaanuliwa. Mimi nilihesabu kila siku kwa wasiwasi, maana niliacha watoto na kazi. Yeye alitulia kabisa. Watoto wa mjomba wakaanza kumwambia abaki. Mkubwa wao alisema maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyachukia, ingawa nilitaka: "Shangazi, hapa hakuna atakayekuuliza wewe ni nani. Kaa kwenye nyumba ya baba."

Na ni kweli hakuna aliyeuliza. Nilipomkumbusha huyo mkubwa kwamba tunahitaji kitu cha kuonyesha mpakani, alimpeleka mama kwa chifu wa eneo lao. Chifu alimtazama, akauliza jina la babu, akaandika barua: huyu ni binti wa boma fulani, mzaliwa wa hapa. Haikufika hata saa ya chakula cha mchana. Nilikaa kwenye kibenchi cha ofisi ya chifu nikiwa na uchungu. Kule Bunda alikoishi zaidi ya miaka hamsini, akazaa, akazika, akalipa michango yote ya shule na zahanati, hakuna aliyeweza kumwandikia sentensi kama hiyo. Hapa alipoondoka akiwa msichana waliiandika bila kufikiri. Nilitamani arudishe ile barua. Lakini tungevuka na nini?

Mama aliwashukuru wapwa zake wote. Kuhusu kubaki akawaambia, "Mume wangu ameniachia nafasi kule. Mnataka ikae na nani?" Hawakurudia tena.

Kwa barua ile alipewa karatasi ya kuvukia upande wa Kenya, na mtoto wa mjomba akatusindikiza hadi dirisha la upande wetu. Safari hii alikuwepo mwanamume wa makamo, na kwa matamshi yake nilijua ni mtu wa huku huku Mara. Alisoma karatasi, akamtazama mama.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Naenda kwangu."

"Kwako ni wapi?"

"Bunda."

"Lakini karatasi inasema wewe ni wa huko unakotoka."

"Inasema nilipozaliwa, na ni kweli. Sasa wewe andika nilipoolewa."

Nilimvuta kanga, akanipiga mkono. Ofisa akauliza, bila ukali, kama kuna chochote kinachoonyesha kwamba ameolewa Tanzania. Mama akaweka viganja vyote viwili juu ya kile kibao cha dirishani.

"Ng'ombe zangu zilipitaga hapa hapa. Kaka yangu alioa nazo, ndiye tumetoka kumzika. Huyu kijana unayemuona hapa, mama yake alitolewa ng'ombe zangu. Muulize." Mtoto wa mjomba, mtu mzima mwenye mvi, alivua kofia na kuitikia kwa kichwa. "Sasa mtu ametolewa ng'ombe, hizo ng'ombe zimeleta mke, mke amezaa, watoto wamezaa. Mtu huyo anakuwaje mgeni kwa mume wake?"

Watu wa foleni nyuma yetu walisogea kusikiliza. Mzee mmoja akasema, "Kweli kabisa." Nilidhani ofisa atacheka, na angecheka nafikiri ningemrukia. Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Mama, mimi nakuelewa. Hata mjomba wangu alioa kwa ng'ombe za mama yangu. Ila hii kompyuta haina mahali pa kuandika ng'ombe."

Akaniita pembeni. Aliongea kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyangu. Alisema angeweza kumrudisha, na hataki. Anachoweza kufanya kwa karatasi ile ni kumwingiza kama mgeni aliyekuja kutembelea ndugu. Miezi mitatu. "Fuatilieni Musoma kabla haijaisha," akasema. "Dada, ndiyo njia niliyo nayo." Nikasema asante. Nilimaanisha, na huku nilitaka kupiga kelele. Akagonga muhuri.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema tupite."

"Si nilikuambia? Yule kijana ana akili, ameelewa."

Ndani ya gari nilitazama nje dirishani ili asinione uso. Daraja la Kirumi alilivuka amelala, kichwa begani kwangu, mdomo wazi. Alikuwa anarudi nyumbani kwake kutembelea ndugu, na ndugu wenyewe ndio mimi.

Bunda alipokewa kwa vigelegele. Aliisimulia habari ya dirishani kwa kila aliyekuja kumpa pole, na kila siku ofisa aliongezewa maneno, mpaka ikawa alisimama na kumpigia saluti. Mimi nilikwenda Musoma, nikarudi, nikaenda tena. Jalada lipo. Waliniambia nilete wazee walioshuhudia mahari. Nikawatafuta. Wote waliowaswaga ng'ombe wale walishakufa, isipokuwa mmoja huko Kibara ambaye alinikaribisha vizuri, akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia, baada ya muda akaniuliza tena. Musoma wakasikitika kweli, wakasema tuvute subira.

Ile miezi mitatu ilipofika mwisho, sikuweza kukaa Butiama. Asubuhi nilipanda gari bila kumpigia simu. Sijui nilitegemea kukuta nini. Labda watu wa uhamiaji wamesimama uani. Nilimkuta anapepeta mtama.

"Nani amekufa?" akauliza aliponiona.

"Hakuna. Nimekuja kukuona tu."

"Katikati ya wiki?"

Nilitaka nishike ungo, akakataa. Nilitaka niingie jikoni nipike, akasimama mlangoni. "Wewe siku hizi ni mgeni hapa. Mgeni haingiagi jikoni kwangu. Kaa." Nikakaa. Alipika ugali wa muhogo, akanipikia mchuzi wa samaki, sato aliyemnunua mwenyewe njia panda, akaniletea maji ya kunawa na kuyamimina polepole, kama anavyowafanyia wakwe zangu wakija. Nilitazama yale mapishi na nikashindwa kumega. Hapo ndipo nilipomwambia yote: dirisha, mgeni, miezi mitatu, na kwamba leo ndiyo mwisho.

Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake kabisa. Nilingoja anitukane kwa kumficha. Hakunitukana.

"Kwa hiyo toka kesho sina ruhusa ya kukaa hapa."

"Ni karatasi tu, Mama."

Alitazama upande wa nyuma ya nyumba. Kutoka pale tulipokaa kaburi la baba linaonekana, na kando yake ule uwazi usiolimwa, ambao nyasi zake yeye mwenyewe huzikata.

"Nikifa, watakuachia unizike pale?"

Mimi mdomo wangu haujawahi kukosa jibu tangu nizaliwe, na hapo pia haukukosa. Likatoka lote kwa mpigo, kwa sauti kubwa, hata jirani alichungulia juu ya ua. Nikamwambia nitamzika pale, kwa mikono yangu ikibidi, na anayetaka kuniuliza aje aniulize mimi.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akaliweka upande wangu wa sahani.

"Kula basi," akasema. "Leo bado nina ruhusa."